App ilisema chaja iko wazi, mitungi ikasema hapana: safari yetu ya Kitui hadi Kathonzweni kwa gari ya umeme

Wakuu, vuteni viti.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda, nachukua ushauri wenu wa magari na kuondoka bila hata asante. Leo nalipa kwa kisa changu mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Mkiona chumvi mahali, jueni watu wenyewe ndivyo walivyokuwa.

Kwa wale wanaouliza kila wiki, "Mkuu, nikinunua gari ya umeme na niko ushago, huku kijijini, nitachaji wapi?", uzi huu ni wenu. Msiogope. Utachaji. Shida ni kujua nani yuko mbele yako, na amepanga foleni na nini.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni Mutua, nafundisha mambo ya umeme katika chuo kimoja cha ufundi hapa Kitui. Nina gari ndogo ya umeme, ya mtumba. Majirani wanaiita Paka, kwa sababu inakufikia kabla hujaisikia.

Mama yangu anaishi Matinyani. Ameongoza kwaya ya akina mama wa kanisa letu tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Mwaka huu akatangaza kwamba anaachia wengine. Lakini kabla ya kuachia, alitaka kitu kimoja tu: solo yake ya mwisho, katika tamasha la kwaya kule Kathonzweni.

Kuna mahali katikati ya wimbo wao ambapo kwaya yote inanyamaza na mama anaimba peke yake. Ni mistari michache tu.

"Hiyo ndiyo pensheni yangu," aliniambia. "Nikishaimba hiyo, nitakaa viti vya nyuma kama mtu yeyote."

Sasa, wiki ya tamasha mama akapata mafua. Sauti ikawa kama mlango wa boma wenye kutu.

Naibu wake kwenye kwaya ni Mama Kioko, jirani yetu, mwanamke mwenye amri nyingi na huruma nyingi zaidi. Mama Kioko akapitisha sheria: mama haongei tena mpaka apande jukwaani. Hata neno moja. Tangawizi na limau kwenye flaski, leso shingoni, mdomo umefungwa.

Wakuu, kama hujawahi kuishi na mama Mkamba ambaye haruhusiwi kuongea, hujaona mikono ikifanya kazi. Aliniambia niende nikaoge, nipige pasi shati, na nisile ugali kwa haraka, yote kwa vidole.

Siku ya safari, kwaya ilitangulia na basi la kanisa. Mama hakuruhusiwa kupanda. Mama Kioko alisema kwenye basi kuna vumbi, kuna madirisha wazi, na kuna watu watakaoimba njia nzima, na mama hawezi kusikia wimbo akanyamaza. Paka ina madirisha yanayofunga vizuri na haina kelele. Kwa hivyo kazi yangu ilikuwa moja: nifikishe mama Kathonzweni kabla kwaya yao haijaitwa, na nimfikishe akiwa na sauti.

Mama Kioko alikuja nasi kama askari wa zamu.

Hapa nisimame kidogo nieleze jambo kwa wageni wa magari haya.

Kuchaji nyumbani kwa soketi ya kawaida ni kama kunywa uji kwa kijiko. Utashiba, lakini lala kwanza. Chaja ya haraka, ile ya barabarani, ni kama kunywa kwa kata: muda wa kula chapati mbili na chai, gari imepata ya kukutosha. Kwa hivyo mtu wa gari ya umeme hunywa kwa kijiko nyumbani usiku, na hutafuta kata akiwa safarini.

Usiku ule stima, yaani umeme, ilipotea. Paka ikaamka na chini ya nusu.

Sikushtuka. Niliingia kwenye app, nikaona kuna chaja ya haraka katika soko moja ng'ambo ya mto Athi, upande wa Makueni. Jina la soko silitaji, kwa sababu wenyewe sasa wananijua.

Tukaondoka. Kuteremka kuelekea Athi kulikuwa raha tupu. Mama Kioko alikaa mbele, macho kwenye asilimia za betri kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

"Mwalimu! Imeongeza!"

Nikamweleza kwamba gari ya umeme ikiteremka, magurudumu yanazungusha mota na mota inarudisha umeme kidogo kwa betri.

Akafikiri. "Basi Mungu angeitengeneza barabara ya Kathonzweni ikawa ya kushuka yote, tungefika na stima ya kuuza."

Nyuma yetu mama alicheka kwa mabega, bila sauti. Mama Kioko akageuka kama mwalimu wa zamu.

"Usicheke! Kucheka pia ni sauti!"

Tukavuka mto, tukaanza kupanda. Na kupanda, wakuu, ndiko gari ya umeme huonyesha tabia yake. Zile asilimia tulizoshangilia zilienda zote, zikabeba na wenzao wengi. Nikazima kiyoyozi. Mama Kioko akaanza kujipepea na kitabu cha nyimbo. Mama akanionyesha kwa vidole kwamba anaiva.

Ushauri wangu kwa mtu anayetafuta chaja kwenye app: angalia vitu vitatu kabla ya kuitegemea. Kwanza, je, mdomo wa plagi yao unaingia kwa gari yako? Midomo iko ya aina aina. Pili, ni ya haraka au ni ya kijiko? Tatu, hiyo habari ya "iko wazi" ni ya lini?

Mimi niliangalia viwili. Hicho cha tatu ndicho kimenileta hapa kuandika.

App ilionyesha rangi ya kijani. Iko wazi. Tukafika sokoni, na kweli, iko wazi! Hakuna gari imechomekwa.

Niwachoree mahali penyewe. Ni kituo cha mafuta, na kando yake, ndani ya ua huohuo, kuna kioski cha maji ya kisima kinachoendeshwa na kikundi cha akina mama. Chaja imesimama upande wa kioski. Foleni ya mitungi ya maji ya lita ishirini ilitoka kwa bomba, ikazunguka mti wa mgunga, ikaishia karibu na barabara.

Pale kwenye nafasi ya kuchajia palikuwa na mitungi miwili tu imesimama. Mmoja wa buluu. Mwingine wa manjano, mzee, kifuniko chake ni gunzi la mahindi.

Nikajiambia, hii imepotea njia.

Nikashuka. Nikaichukua ile mitungi miwili kwa heshima zote. Nikaipeleka mwisho wa foleni ya maji, nikaipanga vizuri, mikono ikiangalia upande mmoja. Nilijisifu hata. Mtu mwingine angeipiga teke.

Nikigeuka, namwona mama nyuma ya kioo anapunga mikono yote miwili kama anafukuza ndege kwa mtama.

Nikadhani ananiambia niharakishe. Nikamwonyesha kidole gumba.

Mama akajishika kichwa.

Nikaingiza gari, nikachomoa ile plagi nzito, nikachomeka. Chaja kimya. Haikohoi hata kidogo. Mara nikasikia sauti nyuma yangu.

"Ni nani amegusa mitungi?"

Huyo alikuwa Mama Ndunge, mwenyekiti wa kioski. Mwanamke mfupi, aproni ya kijani, funguo nyingi kiunoni.

Ndugu zangu mnaosoma kutoka mahali penye mito, nawaeleza polepole. Huku kwetu Ukambani, mtungi ni mtu. Unaweza kuuacha kwa foleni alfajiri, uende shamba, uende maziko, urudi mchana. Nafasi yako iko palepale. Watu wakisogea, wanausogeza na wewe. Lakini hakuna anayeutoa. Kutoa mtungi wa mtu kwa foleni ni kama kumshika kola na kumtoa nje ya kanisa.

Na mimi nimekulia kwa sheria hii! Nimepanga mitungi utoto wangu wote. Ila kichwani mwangu sheria ya mtungi ilikuwa kwa kabati ya maji. Chaja nilikuwa nimeiweka kwa kabati nyingine, pamoja na app na mambo ya Nairobi. Haikunijia kabisa kwamba mtu anaweza kupanga mtungi akingoja stima.

Mama Ndunge alinieleza kwa ufupi. Pampu ya kisima na chaja zinatumia laini moja ya umeme, na fundi aliwakataza kuziwasha pamoja. Tangi la maji likijaa ndipo chaja inawashwa. Madereva wakawa wanangoja, wakigombana nani ni wa kwanza.

"Walikuwa wanapigana hapa kama fahali," alisema. "Tukawaambia, kila mtu alete mtungi."

Na hapo, wakuu, nikafanya kosa la pili. Nilianza kueleza. Ni ugonjwa wangu, nikiona mtu amekasirika namweleza. Nikatoa simu.

"Mama, tafadhali angalia hapa. Imeandikwa iko wazi."

Akaangalia. "Huyu ameandika yuko wapi?"

"Si mtu, mama. Ni mtambo."

"Basi uambie huo mtambo ulete mtungi."

Watu wa foleni ya maji wakaanza kusogea. Hakuna redio inayoshinda kesi ya mtungi. Kutoka kivulini akaja mwanamume anajinyoosha, kofia imemwacha alama kwa paji la uso. Huyu ni Musembi, ana teksi ya umeme kule mji wa Wote, na mtungi wa buluu ulikuwa wake.

"Boss," akaniambia, "umenitoa foleni ya stima ukanipeleka foleni ya maji. Sasa nikifika kwa bomba, nimwagie betri?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikidhani kesi imeisha.

Haikuwa imeisha. Mama Ndunge akatoa hukumu: sheria ya kioski ni kwamba anayetoa mtungi wa mwenzake hachoti siku hiyo. Arudi kesho.

Kesho! Na kwaya inaitwa baada ya chakula cha mchana. Paka ilikuwa na asilimia ambazo hata mlima uliofuata haungeziheshimu.

"Isipokuwa," akaongeza, "mtu mzima wa kwenu akusemee."

Mama Kioko ndiyo alikuwa anatoka msalani. Akaelezwa na watu watano kwa pamoja. Akashika mdomo. "Uui! Mwalimu, umegusa mtungi?" Halafu akajitosa kunitetea. "Mimi nasimama naye."

"Wewe ni nani yake?"

"Mimi ni... mimi ni alto wa kwaya."

"Alto si ukoo," Mama Ndunge akasema. "Hana mama?"

Macho yote yakageukia gari. Mama alikuwa pale nyuma ya kioo, leso shingoni, flaski mapajani, ametulia kama picha ya ukutani.

"Mama yupo," nikasema, "lakini hawezi kuongea."

"Ni bubu?"

"Hapana. Anaimba."

Sijawahi kutoa jibu likazua kelele kama ile. Kila mtu alikuwa na maoni. Wengine walisema nawadharau. Mwingine alisema labda ndivyo watu wa Kitui wanavyofanya. Musembi alinishika bega akaniambia nijaribu kulia.

Ndipo mlango wa gari ukafunguka.

"Usithubutu!" Mama Kioko akapiga kelele. "Usithubutu! Umekaa kimya wiki nzima! Rudi ndani!"

Mama akashuka. Akatoa leso shingoni, akaifunga kiunoni. Akampa Mama Kioko flaski.

Nilimwendea nikamwambia polepole, "Mama, wacha. Tutatafuta njia nyingine. Nitapiga simu basi lirudi."

Aliniangalia vile alikuwa akiniangalia nikiwa mdogo nikimwambia sijachafuka. Akanipita.

Na akaongea. Kwa Kikamba, na kwa ile sauti yake inayofika ukuta wa nyuma wa kanisa bila spika. Nitawapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Akina mama wa hapa, nawasalimu. Mimi ni mtu wa Matinyani, na huyu ni wangu. Nimepanga mtungi tangu nikiwa msichana, na sijawahi kugusa wa mtu. Huyu nilimfundisha kupanga kabla sijamfundisha kusoma. Kusoma kumeenda mbali, kupanga kumebaki njiani. Kwa hivyo kosa lina mikono miwili, wake na wangu. Naomba mtusamehe. Lakini msimsamehe bure. Mpeni kazi."

Lile neno la mwisho lilitoka nusu. Sauti ilikatika kama kamba ya kisima, na ni kama tulisikia ndoo ikianguka. Akajaribu kusema asante, midomo ikacheza, hakikutoka kitu.

Ua mzima ulinyamaza. Mama Kioko alikaa chini juu ya mtungi wa mtu, kisha akakumbuka na kuruka kama ameketi kwa moto.

"Aiya," Mama Ndunge akasema taratibu. "Mama amesema."

Akanihukumu upya. Nirudishe mitungi miwili mahali pake. Niijaze. Na ule wa manjano niubebe mpaka nyumbani kwa mwenyewe.

"Mwenyewe ni nani?"

Akajitokeza bibi mmoja na fimbo yake. Susu Kalunde. Susu, kwa wasiojua, ni nyanya kwa Kikamba. Nikamwomba msamaha, nikamwuliza kwa adabu gari yake iko wapi, kwa sababu yeye ndiye wa pili kwa chaja baada ya Musembi.

"Gari gani?" akasema.

"Susu, hii foleni ni ya kuchaji magari."

"Ndiyo?" Akaitazama ile chaja juu mpaka chini, kwa mara ya kwanza nadhani. "Mimi niliona watu wamepanga mahali papya. Hapa kwetu ukiona foleni unapanga kwanza, kuuliza baadaye. Siku walipogawa mbegu za ndengu nilianza kwa kuuliza. Zikaisha nikiuliza."

Wakuu, andikeni hiyo. Nimefundisha miaka na sijasikia hoja imekaa vizuri hivyo.

"Kwa hivyo nafasi yako, Susu...?"

"Nafasi ni yangu. Stima chukua. Maji niletee."

Tangi likajaa, pampu ikazimwa, Mama Ndunge akachagua ufunguo mmoja kati ya ule mzigo wake na kuwasha chaja. Nikamtoa Paka, Musembi akaleta teksi yake akachomeka. Betri yake ilipanda vizuri, kwa kasi, mpaka asilimia themanini. Halafu ikaanza kujikokota.

"Naijaza kabisa," Musembi akasema, akirudi kivulini. "Mia moja."

Hapa nikashindwa kujizuia, na nawaeleza ninyi vile nilivyowaeleza akina mama pale, kwa sababu ni jambo la maana kwa kila mwenye gari hizi. Chaja ya haraka haiendi kasi moja mpaka mwisho. Ni kama kujaza mtungi kwa bomba lenye nguvu. Mwanzo unafungulia yote. Maji yakikaribia shingo unapunguza bomba, la sivyo yatamwagika. Betri nayo hupunguza ikikaribia kujaa, ili isipate joto na kuharibika. Kwa hivyo ile sehemu ndogo ya shingo inaweza kuchukua karibu muda uleule uliojaza tumbo. Ukiwa safarini na watu wanangoja, chaji tumbo uende zako. Shingo utajazia nyumbani kwa kijiko.

Mama Ndunge alisikiliza kwa makini sana. "Kwa hivyo huyu sasa anatukalisha hapa kwa sababu ya shingo?"

"Ndiyo, mama."

"Musembi! Toa!"

"Lakini nimelipia!"

"Umelipia tumbo! Watu wakiwa kwa foleni hakuna shingo. Toa!"

Musembi alichomoa akinung'unika. Akipita karibu nami akasema, "Mwalimu, usiwahi kuja Wote," lakini alikuwa anatabasamu, na alinisaidia kusogeza gari vizuri ili waya ifike.

Paka ikaanza kula. Na mimi nikaanza kifungo changu.

Susu hakukubali nibebe mtungi kwa mkono. Alisema nitauyumbisha na kumwaga. Alinivalisha mukwa, ule mshipi wa kubebea mzigo unaopita kwenye paji la uso, mtungi ukakaa mgongoni. Huo ni mzigo wa akina mama. Mimi nilikuwa na suti ya kanisani na viatu vya ngozi. Soko zima lilitoka milangoni. Mama Kioko alitoa simu, na ile picha ilifika kwa WhatsApp ya kwaya kabla sijafika kwa kona.

Nyumbani kwa Susu ni juu ya kilima, bila shaka. Alitembea nyuma yangu na fimbo akinisahihisha.

"Inama. Si hivyo, utavunjika. Pumua. Mke wako anajua kubeba?"

"Sijaoa, Susu."

"Naona."

Nikarudi nikiwa nimelowa jasho. Nikakuta jambo ambalo sikutarajia.

Mama Kioko alikuwa amesimama katikati ya ua, uso umekauka, anaimba ile solo ya mama. Si kwa kupenda. Hakukuwa na sauti nyingine iliyobaki. Mama alikuwa mbele yake, kimya kabisa, anaongoza kwa mkono mmoja. Mama Kioko akiteleza, mkono unasimama hewani na kungoja. Akipata, mkono unaendelea.

Na akina mama wa foleni ya maji walikuwa wanaitikia. Wimbo wenyewe wanaujua, ni wa kitabuni. Wengine wamekaa, wengine wamesimama kando ya mitungi yao, sauti zimepangana utadhani wamefanya mazoezi mwezi mzima. Hata Musembi, ambaye alikuwa huru kuondoka, alikuwa anapiga besi kivulini.

"Siwezi," Mama Kioko aliniambia nilipofika. "Mwalimu, mimi ni mtu wa kuimba katikati ya watu. Sijawahi kuimba peke yangu hata bafuni."

Mama akampigia makofi mawili madogo: tena.

Sasa, nilitaka gari ifike tisini, ili nisiwe na wasiwasi wa kurudi. Kumbe gari nyingine ya umeme ilikuwa imeingia, na mwenyewe, mtu anayejua mambo ya hapo, alishuka na mtungi mkononi kabla hata ya kusalimia. Nikifika kwa Paka, plagi imeshachomolewa.

"Mama Ndunge, nilikuwa nataka kidogo zaidi."

"Shingo?" akaniuliza.

Nikapanda gari.

Tulifika Kathonzweni tukiwa tumechelewa. Kwaya yetu ilikuwa imeitwa. Wenzao wa basi walimsihi mshereheshaji mpaka akawasogeza wawe wa mwisho, na tulipoingia uwanjani walikuwa tayari wanapanda jukwaani bila kiongozi, wanatazama barabara.

Mama alipita katikati ya viti haraka, akasimama mbele yao, akainua mikono. Waliona shingo haina leso, wakaona uso wa Mama Kioko, wakaelewa yote.

Wimbo ukaanza. Mimi nilisimama kando ya hema, na ninawaambia kweli, moyo wangu ulikuwa mzito kuliko ule mtungi. Nilijua ile mistari inakuja. Alikuwa ameingoja mwaka mzima, akakaa kimya wiki nzima kwa ajili yake, na mimi nikaitumia kwa kosa la kupanga mitungi vibaya.

Kwaya ikanyamaza. Mama akashusha mkono mmoja, ule mwingine akamnyoshea Mama Kioko.

Mstari wa kwanza ulitoka mdogo, unatetemeka, nadhani viti vya mbele tu ndivyo vilisikia. Mkono wa mama ukasimama hewani, ukangoja. Kisha Mama Kioko akafumba macho na mstari wa pili ukatoka, wakuu, mpaka watu wa vibanda vya soda wakageuka.

Hatukushinda. Kombe lilienda kwa kwaya ya Kasikeu, na walistahili. Majaji walisema solo yetu ilianza kwa hofu. Mama Kioko aliposikia neno "solo" alilia kama aliyepewa kombe lenyewe, na alirudi na basi ili aongee nao njia nzima.

Mimi na mama tulirudi wawili. Nilimwomba msamaha mpaka nikachoka. Kila mara alinigusa bega tu na kuonyesha barabara, niangalie mbele.

Sauti yake ilirudi katikati ya wiki iliyofuata. Alinipigia simu.

"Umekula?"

Nikasema nimekula. Nikaanza tena, mama, ile solo yako, samahani.

"Solo gani?" akasema. Sauti bado ilikuwa na mikwaruzo. "Yangu niliimba pale kwa mitungi. Kathonzweni nilienda kusikiliza ya Mama Kioko."

Kisha akakohoa, akasafisha koo.

"Na pale kwa mitungi," akaongeza, "walinyamaza wote."

Basi wakuu, hayo ndiyo yangu. Gari ya umeme huku kwetu inawezekana kabisa, nawahakikishia. Panga safari ukijua milima, chaji tumbo uachie wengine shingo, na usiamini rangi ya kijani mpaka umwone mtu wa mahali penyewe umsalimie. App inajua kama plagi imechomekwa. Haijui ni nani ametoka kwake alfajiri akaweka mtungi. Mimi siku hizi nafika, nasalimia, nauliza foleni iko wapi na imepangwa na nini, ndipo nazima gari. Haijanichelewesha hata mara moja.

Wenye magari haya kule kwenu, iwe Kitui, Makueni, Machakos au mbali zaidi, niambieni ninyi hupangaje. Na mnaofikiria kununua, ulizeni chochote hapa chini bila aibu, hata mdomo wa plagi ni nini. Nitajibu mmoja mmoja, polepole, kwa zamu mlivyofika.